Shajara ya mradi: historia ya Karakana ya Foromali, waunda vyombo vya anga wa Tanga

Karakana ya Foromali haipo na haijawahi kuwapo. Ni kiwanda cha kubuni, kimewekwa Mwambani, kusini ya mji wa Tanga, ndani ya ulimwengu wa hadithi unaojengwa na mradi huu. Kazi yenyewe ni kukiandikia historia ya miaka 120: kiliunda vyombo gani, kwa malighafi gani, vingapi vilirudi na vingapi havikurudi. Shajara inaandikwa kwa wiki. Makosa yameachwa yalivyo ili anayejiunga katikati asiyarudie.

Wiki ya 1: jina na kanuni

Foromali ni ule mti mrefu unaopandishwa mlingotini kubeba tanga la jahazi. Jina limechaguliwa kwa sababu bidhaa kuu ya karakana ni matanga ya jua, yaani matanga yanayosukumwa na mwanga wa jua, na mji wenyewe unaitwa Tanga, basi mzaha umekuja bila kutafutwa. Majina yote yenye "Nyota" na "Anga" yalikataliwa, yanasikika kama duka la kuuza vocha.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na aina 12 za vyombo, kila kimoja kizuri kuliko cha nyuma yake, kama orodha ya simu mpya. Hiyo si historia ya kiunda, ni tangazo la biashara. Fundi wa vyombo habadilishi mkono wake kwa kuwa mwaka umebadilika. Huubadilisha kwa kuwa ubao umeoza pasipotarajiwa, au mteja amekataa kulipa. Kwa hiyo imewekwa kanuni moja: chombo hakiingii kwenye daftari mpaka ijulikane kasoro ya chombo kipi ndiyo iliyokizaa. Aina 7 zilishindwa kujibu zikafutwa. Zimebaki 5: Dau, Tishari, Mashua, Jahazi na Silikanti.

Waasisi hawana majina bado. Wanaitwa kwa kazi zao, yaani Fundi wa Matanga, Fundi wa Mbao na Mhasibu. Anayetaka kuandika hadithi aanze na Mhasibu, maana karatasi zote hupita mezani kwake.

Msamiati wa sehemu za chombo umefungwa. Mhimili mkuu unaitwa mkuku hata kama hakuna maji chini yake, na pete zinazoshika ganda ni mataruma. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Chumba cha matangi yanayokusanya jasho, pumzi na maji machafu ili yasafishwe kinaitwa ngama, na methali ya "tezi na omo, marejeo ni ngamani" imepata maana ya bomba hasa: kila tone linarudi huko. Mahali chombo kinapoundwa ni kitanda, na kukitoa kitandani ni kushua. Roketi, setilaiti, obiti na kompyuta zimebaki hivyo hivyo. Hakuna haja ya kuwatafutia watu maneno wasiyoyasema.

Wiki ya 2: ramani imekataa

Sababu ya kuweka kiwanda Tanga ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Mji uko kama nyuzi 5 kusini ya Ikweta, na Dunia ikizunguka inakirushia chombo mita 463 kwa sekunde bure kuelekea mashariki. Kwenye Ikweta yenyewe ni 465, tofauti ambayo haimnyimi mtu usingizi. Cape Canaveral, kwenye nyuzi 28 na nusu kaskazini, wanapata 409 tu. Isitoshe, mwambao huu umeshawahi kurusha. Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Ikapewa jina Uhuru. Neno la Kiswahili lilikuwa obitini tangu hapo.

Kosa likaonekana ramani ilipofunguliwa. Ukirusha roketi kutoka Tanga moja kwa moja mashariki, kilomita 60 na ushei mbele kuna Pemba, na Wete iko karibu kabisa kwenye mstari huo. Hatua ya kwanza ya roketi ikileta hitilafu dakika za mwanzo, vipande vinashukia mashamba ya karafuu na watu waliomo. Waliopendekeza kuhamia Bagamoyo waliangalia mashariki wakaiona Unguja, wakanyamaza.

Suluhisho: jukwaa linaloelea, linavutwa na tagi kutoka Mwambani hadi mashariki ya Pemba. Miguu ya kusimama chini kama ya San Marco haifai, bahari huko ina kina kikubwa mno. Kuvuta kunafanyika wakati wa tangambili, kati ya kusi na kaskazi, upepo unapolegea. Uamuzi huu umebadilisha kitabu chote: karakana sasa ina dirisha mara mbili kwa mwaka, na chombo kinachochelewa kinangoja miezi. Ucheleweshaji wa aina hiyo unaandika hadithi wenyewe.

Foromali hawaundi roketi. Wananunua safari. Atakayewapa roketi yao wenyewe arudi kusoma hesabu za Mhasibu.

Wiki ya 3 na ya 4: tanga linasukumwa na nini

Siku nyingi zimeishia hapa, na ndivyo ilivyostahili.

Mwanga wa jua ukifika umbali wa Dunia una wati 1,361 kwa kila mita ya mraba. Gawanya kwa mwendo wa mwanga, mita 299,792,458 kwa sekunde, kisha zidisha kwa 2 kwa kuwa tanga linalong'aa huurudisha mwanga ulikotoka. Unapata newtoni 0.0000091 kwa mita ya mraba. Funika kiwanja cha mita 100 kwa 100, na msukumo wake wote ni kama uzito wa vijiko viwili vya sukari mkononi.

Rasimu ilikuwa imempa Mashua tanga la mita za mraba 400 na uzito wa tani 20, ikamfikisha Mirihi kwa miezi sita. Hesabu inasema chombo hicho kitaongeza mwendo wa mita 5.7 kwa sekunde baada ya mwaka mzima wa kusukumwa. Hiyo ni kama kilomita 20 kwa saa. Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli yoyote pale Ngamiani ingempita.

Aliyewahi kujaribu kweli anasaidia kuweka vipimo. IKAROS ya Wajapani, iliyorushwa 2010, ilikuwa na tanga la mita 14 kwa 14 la poliimidi, aina ya plastiki, yenye unene wa maikromita 7.5, na msukumo uliopimwa ulikuwa milinewtoni 1.12. Kwa hesabu ya kioo kisichokosea ingepata kama 1.8. Upungufu unatokana na mikunjo, na maeneo ya tanga yasiyong'aa sawasawa. Ndiyo sababu hesabu zote za Foromali sasa zinatumia asilimia 80 ya msukumo wa kitabuni, na hata hiyo ni ukarimu.

Jahazi, chombo kikuu cha karakana, amepangwa upya hivi. Tanga ni mita 1,000 kwa 1,000. Utando ni poliimidi ya maikromita 2.5 iliyopakwa alumini, gramu 3.8 kwa mita ya mraba, jumla kilo 3,800. Foromali nne zinatoka katikati kwenda kwenye pembe, kila moja mita 707. Pamoja na kamba zake ni kilo 4,200, yaani kama kilo moja na nusu kwa kila mita. Ganda na shehena ni kilo 12,000. Jumla tani 20. Msukumo ni newtoni 7.3, na kwa siku moja chombo kinaongeza mita 31 kwa sekunde. Kila siku ni mwendo wa basi ambalo trafiki wangelisimamisha. Siku 30 za hivyo, na mtu anaanza kuelewa kwa nini wateja walilipa.

Foromali hizo hazibebwi zikiwa zimenyooka. Ni ukanda mwembamba uliopinda kidogo, unaviringishwa kwenye ngoma kama futi ya chuma ya fundi seremala, na ukiachiwa unajinyoosha. Inayoharibika ni ncha: ukanda ukitoka kwa kasi kuliko breki ya ngoma inavyoruhusu, unajikunja katikati, na ukishajikunja pale hauna nguvu tena hata ukinyooshwa. Anayebisha avute futi yake nje mita tatu aone inavyovunjika kiuno.

Sasa mishono. Hakuna kiwanda kinachotoa utando wa upana wa kilomita moja, kwa hiyo tanga ni pande 200 za upana wa mita 5, zenye mishono 199, kila mshono kilomita moja. Fundi wa Matanga katika rasimu alishona kwa sindano na uzi kama alivyoshona turubai, na kabla yake baba zake walivyoshona majora ya marekani. Kwa kitambaa, tundu la sindano si kitu, nyuzi zinalizunguka. Kwa utando wa plastiki, kila tundu ni mwanzo wa mpasuko, na mpasuko ukianza hakuna uzi wa kuuzuia. Ndiyo kasoro iliyoua Mashua namba 9: kimondo kidogo kama chembe ya chumvi kilitoboa karibu na mshono, matundu yakaungana, tanga likafunguka kama zipu kutoka pembe hadi pembe.

Kutokana na hapo karakana iliacha sindano. Pande zinaunganishwa kwa utepe wenye gundi, upana milimita 10, gramu nusu kwa mita. Mishono yote 199 inaongeza kilo 100 tu, na kila utepe ni ukuta: mpasuko ukiufikia unasimama, umeharibu upande mmoja wa mita 5 badala ya tanga zima. Fundi wa Matanga hakufukuzwa. Alibaki kwa sababu kupanga pande ili mkazo ufuate mshono, si kuukata, ni ujuzi ule ule wa tanga la pembe tatu, na wahandisi wa plastiki hawakuwa nao.

Wiki ya 5: Dau na mbao

Je, mbao zinakubalika angani? Zinakubalika. Setilaiti ndogo ya Kijapani LignoSat, mchemraba wa sentimita 10, iliundwa kwa mbao za mmagnolia kwa viungo visivyo na skrubu wala gundi, ikaachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga mwaka 2024. Wachina nao walitumia mwaloni kwenye ngao ya joto ya setilaiti zao za kurudi duniani. Ubao ukiungua unaacha makaa, na makaa ndiyo kinga.

Dau wa Foromali ni kasha la mvule la kurudisha shehena duniani. Rasimu ilimpaka mafuta ya papa na kumkalafati kwa pamba, kama chombo cha Pangani. Haiwezekani. Kwenye ombwe, yaani pasipo hewa, mafuta yanatoka kama mvuke na kuganda kwenye lenzi za karibu. Baya zaidi, chombo cha baharini hubana kwa sababu mbao zinakunywa maji na kuvimba. Ombwe linafanya kinyume, linazinyonya unyevu mpaka zinasinyaa na kila kiungo kinaachia. Sasa mbao zinakaushwa kwenye tanuri kabla ya kukatwa, na hewa inashikwa na mfuko wa ndani, si na ubao. Hata hivyo Dau walivuja. Kasoro hiyo ikamzaa Tishari wa alumini.

Tishari amepata jina bandarini. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga nje kwenye ghuba ya Tanga na shehena ikaletwa gatini kwa matishari. Huyu wa angani anafanya kazi hiyo hiyo, kutoka pale roketi inapomwaga mzigo hadi kwenye karakana ya juu, ile iliyo obitini. Kasoro yake ni mafuta: kila safari inataka mafuta yaliyoletwa kwa roketi nyingine. Mashua, anayekwenda kwa mwanga, amezaliwa na ankara hiyo.

Katani ilikuwa imeingizwa kila mahali kwa mapenzi ya mji. Imeondolewa angani: mnururisho wa jua unaivunja, na ina unyevu kama mbao. Imebaki kwenye matandiko ya kubebea vyombo na kwenye kamba za tagi, ambako iko kwao.

Wiki ya 6: kalenda

Karakana inahesabu kwa mwaka wa Nairuzi, kama manahodha: siku 365, miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za gatha mwishoni. Hauna siku ya nyongeza. Kwa msafiri wa anga hilo ni jambo jema, hakuna Februari ya kubabaisha.

Uzuri wake mwingine umejitokeza kwenye jedwali. Dunia na Mirihi hukaa vizuri kwa safari kila baada ya siku kama 780. Hizo ni miaka miwili ya Nairuzi na miongo mitano kamili. Basi msimu wa Mirihi unasogea miongo mitano kila unaporudi, na mtoto wa karakana anaweza kuuhesabu kwa vidole. Ukifunguka mwongo wa 3, unaofuata ni mwongo wa 8, kisha wa 13.

Kosa: safu moja ya jedwali ilihesabu mwaka wa siku 365.25. Mwaka wa jua una siku 365.2422, hivyo Nairuzi inateleza karibu siku moja kila miaka minne, na kwa miaka 120 ni siku 29. Mwongo wa 12, ambao mwaka wa kwanza uliangukia katikati ya Novemba, mwishoni mwa kitabu uko katikati ya Oktoba. Matukio matatu ya kuvuta jukwaa "wakati wa tangambili" yalikuwa yameshaondoka kwenye tangambili. Yamesogezwa mbele hadi mwongo wa 15. Mwandishi wa sura za mwisho akague kwanza safu ya D kabla ya kuandika hali ya bahari.

Wiki ya 7: vitanda viwili, vyombo tisa

Daftari la vyombo lina safu saba: namba ya mkuku, mwaka wa kulaza mkuku, mwaka wa kushua, uzito mtupu, eneo la tanga, mteja, hatima. Namba ni 47. Zilizoshuliwa ni 41, zilizofutwa kabla ya kukamilika 3, zilizoungua 2, na moja haijaamuliwa.

Rasimu ilishua Jahazi tisa mwaka wa 22. Karakana ya juu ina vitanda viwili, na Jahazi mmoja anakaa kitandani miezi 14. Vitanda viwili vinatoa vyombo 1.7 kwa mwaka, si zaidi. Tisa wanahitaji miaka mitano na robo. Wametawanywa kuanzia mwaka wa 22 hadi wa 27, na wateja wawili wa mwisho wamekasirika kihalali.

Bei nayo imefungwa kwenye kazi, si kwenye sarafu ya kubuni ambayo hakuna anayejua thamani yake. Kipimo ni kipande, yaani siku 30 za kazi za mtu mmoja, neno lililochukuliwa kwenye kadi za manamba wa mashamba ya mkonge. Jahazi ni vipande 5,400, sawa na siku-kazi 162,000. Miezi 14 kwa siku 26 za kazi ni siku 364. Gawanya: watu 445 kwa kitanda, 890 kwa vitanda viwili. Rasimu ilikuwa na wafanyakazi 60. Sura ya tatu inaandikwa upya, safari hii ikiwa na jikoni, zahanati na foleni ya choo.

Wiki ya 8 na ya 9: obiti gani, na siku ni nini

Tanga la jua haliwezi kufunguliwa karibu na Dunia. Chini ya takribani kilomita 800 hewa nyembamba iliyobaki inalivuta kuliko mwanga unavyolisukuma. LightSail 2, yenye tanga la mita za mraba 32, iliachiwa mwaka 2019 kama kilomita 720 juu. Ilithibitisha kwamba mwanga unasukuma, lakini ilizidi kushuka hadi ikaungua Novemba 2022.

Karakana ya juu ikawekwa kilomita 1,000. Haikudumu siku mbili kwenye mjadala: kati ya kilomita 800 na 1,000 ndipo takataka za anga zimesongamana kuliko kwingine, na kutandaza tanga la kilomita ya mraba pale ni kutandaza chandarua kwenye njia ya risasi. Ikapandishwa hadi kilomita 2,000. Matanga yakapona. Lakini huko ni ndani ya mkanda wa Van Allen wa ndani, penye protoni zinazopenya kuta nyembamba, na sasa wanaoumia ni watu.

Mgogoro mkuu wa kitabu umetoka hapo bila kutungwa. Kwenye kilomita 2,000 chombo kinamaliza mzunguko kwa dakika 127, jua linachomoza mara 11 kwa saa 24. Mkataba uliandikwa Mwambani: kipande ni siku 30. Mafundi wa juu wakauliza, siku ya nani? Karakana ikasema siku ya saa 24. Wao hawakudai hesabu ya machweo, hilo liliandikwa kwenye rasimu na limefutwa kwa kuwa linawafanya wajinga. Walidai kipande kihesabiwe kwa kipimo cha mnururisho kifuani: kipimo kikijaa kiwango cha mwezi, kipande kimeisha, hata kama ni siku ya 19, na malipo ni kamili.

Mhasibu alikataa kwa sababu ya kweli, si ya uovu. Jua likichafuka vipimo vinapanda kwa watu wote kwa pamoja, vipande 400 vinaisha wiki moja, na Jahazi amebaki kitandani nusu. Kazi ilisimama miongo minne ya Nairuzi, yaani siku 40. Suluhu ilitoka kwa Fundi wa Mbao: chumba cha mapumziko kihamishiwe ndani ya ngama, kuzungukwa na matangi ya maji, kwani maji ni ngao nzuri ya protoni na yamo chomboni tayari. Saa za kulala zikawa hazihesabiki sana kwenye kipimo. Kipande cha mnururisho kilikubaliwa, na wastani ukapanda hadi siku 27. Maji ya ngama yakawa hayaruhusiwi kupungua chini ya nusu ya tangi wakati wowote; atakayeandika tukio la uhaba wa maji akumbuke kwamba anawavulia watu ngao.

Wiki ya 10: kielelezo

Kielelezo cha Jahazi ni kwa kipimo cha 1 kwa 1,000, kwa hiyo tanga ni mita moja kwa mita moja na ganda la mita 30 ni sentimita 3. Utando umetoka kwenye plastiki ya kufungia zawadi yenye upande wa fedha. Foromali ni vijiti vya mishikaki vilivyochongwa na kuungwa, kila mkono sentimita 70.7. Kamba ni singa za mkonge moja moja. Singa ikichanwa vizuri inatoka ndefu karibu mita, ni ngumu kiasi na haining'inii kama uzi wa cherehani, basi inaonekana imevutwa hata isipovutwa.

Gundi ya moto ilikunja utando papo hapo. Gundi ya maji haikushika upande wa fedha. Utepe wa uwazi uliokatwa milimita 2 ndio uliofaa. Ndani ya chumba chenye kiyoyozi utando ulijishika wenyewe kwa umeme tuli na haukufunguka mara mbili. Kazi ilipohamishiwa barazani, kwenye hewa ya chumvi na unyevu, ulifunguka. Kinachoponywa na unyevu kinaharibiwa na jasho: alama za vidole zilianza kula fedha baada ya siku chache, zikaacha madoa yanayopitisha mwanga. Glavu za pamba, basi. Kunja kwa mikunjo ya mbele na nyuma ya sentimita 4 mpaka upate ukanda, kisha viringisha ukanda kutoka ncha mbili kuja katikati. Ukianza kuviringisha katikati, pembe zinatoka mwisho na kunasa kwenye vijiti.

Wiki ya 11: Mshtarii, na samaki aliyerudi

Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali. Mirihi tanga linabaki na asilimia 43 ya msukumo wake. Kwenye Mshtarii, mara 5.2 ya umbali wa Dunia, linabaki na sehemu moja ya 27. Jahazi wa newtoni 7.3 huko ana 0.27. Wateja walipohamia miezi ya Mshtarii, miaka ya 80 ya karakana, Foromali walikuwa wanauza bidhaa bora kabisa kwa soko lililokwisha. Hakuna aliyewahujumu. Rasimu ilikuwa na mshindani mwovu, ameondolewa.

Silikanti ni Tishari wa zamani aliyefufuliwa, akapewa injini ya ioni na tanuri dogo la nyuklia mahali pa tangi la mafuta. Jina limetoka kwa samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wamemnasa mara kwa mara kwenye nyavu za papa. Michoro ya Tishari ilikuwa imefutwa kwenye orodha ya mauzo kwa miaka 50. Iliyopatikana ilikuwa nakala ya Mhasibu, kwa kuwa yeye hatupi karatasi yenye bei.

Wiki ya 12: hali ilivyo

Sura 6 kati ya 9 zimekamilika. Michoro 3 imekubaliwa; wa Mashua umerudishwa kwa sababu foromali yake imechorwa nyuma ya tanga upande wa jua. Jedwali la miongo limekaguliwa hadi mwaka wa 70.

Mkuku namba 31 bado. Ulilazwa mwaka wa 58, safu ya mteja imejazwa, safu ya kushua tupu, na vipande 5,212 vimelipwa, yaani chombo kilikuwa karibu kwisha. Asiandike mtu "ulipotea". Jahazi mwenye tanga la kilomita ya mraba linalorudisha mwanga wa jua anaonekana kwa macho kutoka ufukwe wa Raskazone alfajiri na magharibi. Kama uliondoka, kuna aliyeuona. Kama haukuondoka, uko kitandani, na kitanda hicho kinahitajika mwongo wa 15 kwa namba 32.